Barua ya Wazi kutoka Tanga: Mifumo Mmejenga, Sasa Fungueni Milango Yake

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,
Waziri mwenye dhamana ya elimu, sayansi na teknolojia,
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Mkuu wa Mkoa wa Tanga na Halmashauri ya Jiji la Tanga.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA. Mchana nafundisha darasani, jioni nakaa na vijana Ngamiani, kwenye chumba cha fundi redio ambacho wamekigeuza karakana. Kuna meza mbili, mashine ndogo ya kulehemu nyaya, kompyuta mpakato zilizokarabatiwa, na rundo la simu chakavu zinazovunjwa ili vipuri vyake vipate kazi nyingine. Nawaandikia kwa ajili ya vijana hao.

Kwamba Serikali imeingia mtandaoni, hilo hakuna wa kulikana. Tangu mfumo wa malipo wa GePG uanze kutumika mwaka 2017, ada, faini na tozo za umma zinalipwa kwa kontroli namba. Kampuni inasajiliwa BRELA bila mtu kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Leseni ya biashara inaombwa kupitia TAUSI, na zabuni za umma ziko NeST. Tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, tuna Mkongo wa Taifa wa mawasiliano, tuna Mkakati wa Uchumi wa Kidijitali wa 2024 hadi 2034, na Dira ya 2050 imeyaweka mageuzi ya kidijitali miongoni mwa vichocheo vyake. Kazi iliyofanyika ni kubwa. Kila ninapokumbuka foleni za benki za zamani, za kulipia ada ya mtihani tu, nashukuru.

Ninalotaka kusema ni moja. Mifumo mingi tuliyonayo imejengwa ili ipokee kutoka kwa mwananchi: fedha yake, taarifa zake, maombi yake. Michache mno imejengwa ili impe mwananchi kitu cha kufanyia kazi. Kwa sababu hiyo tunaweza kuendelea kuongeza mifumo mwaka hadi mwaka, na ubunifu wa nchi ukabaki pale pale.

Kijana mmoja wa karakana yetu kwao ni Muheza. Machungwa ya Muheza mnayajua. Msimu ukifika, dalali anakuja na bei yake mkononi, na mkulima anauza kwa bei hiyo kwa sababu lori linaunguruma barabarani na tunda halisubiri. Kijana alikulia ndani ya hali hiyo. Aliona kwamba mkulima mwenye mzigo mdogo hana habari kuwa jirani wa kijiji cha pili naye ana mzigo mdogo siku hiyo hiyo, wala hakumbuki sawasawa wiki kama hii mwaka jana bei ilikuwaje. Akaanza kuandika programu itakayofanya kazi hata kwa simu ya kitochi. Mkulima anatuma ujumbe, programu inawakusanya wenye mizigo midogo mpaka lori lijae, na wote wanaona mwenendo wa bei wa misimu iliyopita kabla ya kukaa na mnunuzi.

Ili aupate huo mwenendo wa bei, alikwenda kwenye ofisi moja ya umma. Sitaitaja, maana watumishi wake walimpokea vizuri na wakafanya kila walichoruhusiwa kufanya. Aliambiwa alete barua ya utambulisho, akaleta. Aliambiwa barua ipande kwa mkubwa, ikapanda. Baada ya kufuatilia kwa muda mrefu akaitwa. Mtumishi akawasha kompyuta, akafungua orodha ya bei, na yule kijana akaiona kwa macho yake kwenye kioo, safi kabisa, imepangwa kwa tarehe na kwa soko. Kisha orodha ile ikachapwa. Kila ukurasa ukagongwa muhuri, kurasa zikatiwa kwenye bahasha ya kaki, akakabidhiwa.

Usiku alikaa na dada yake, mmoja anasoma namba, mwingine anaziandika upya kwenye kompyuta. Wino wa ile mashine ya kuchapia ulikuwa unaelekea kuisha, kwa hiyo kwenye kurasa za mwisho 3 na 8 zilikuwa hazitofautiani. Namba zilizotoka kwenye kompyuta ya umma zilirudi kwenye kompyuta nyingine kwa vidole vya mtu, na zikaharibika njiani. Siku ile ile aliyopokea bahasha, alilipa ada ya huduma hiyo kwa kontroli namba. Risiti ilimfikia kwenye simu kabla hajafika mlangoni.

Simlaumu mtumishi. Hakuna mwongozo unaomwambia kwamba anaweza kumpa raia faili la bei. Akilitoa na likatumika vibaya, ataulizwa yeye. Muhuri ndio kinga yake. Ninachowaomba ninyi wakubwa ni mwone kwamba ndani ya ofisi hiyo moja pande zote mbili za mageuzi yetu zilikutana: upande wa kupokea umekamilika kwa kiwango cha kujivunia, na upande wa kutoa bado uko kwenye karatasi.

Mnapokwenda kwenye mikutano mnaletewa Fahirisi ya Ubunifu Duniani, ile inayotolewa kila mwaka na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) ikipanga nchi zaidi ya 130. Naomba msiishie kwenye namba ya nafasi yetu, mwangalie namna fahirisi yenyewe inavyojengwa. Ina nguzo saba. Tano zinapima kinachoingia: taasisi, rasilimali watu na utafiti, miundombinu, hali ya masoko na hali ya biashara. Mbili zinapima kinachotoka: maarifa na teknolojia, na kazi za ubunifu. Huduma za serikali mtandaoni na matumizi ya TEHAMA vimekuwa vikihesabiwa kwenye miundombinu, yaani upande wa kinachoingia. Hataza (haki za kisheria za wavumbuzi), makala za kisayansi na utengenezaji wa programu za simu vimekuwa upande wa kinachotoka. Kwa hiyo mifumo yote niliyoitaja hapo juu, kwa uzuri wake, ni mbegu ghalani. Tanzania kwa miaka ya karibuni imekuwa ikikaa nusu ya chini ya orodha hiyo, na sioni tukitoka huko kwa kuongeza mifumo ya kukusanya peke yake.

India ilikuwa ya 81 mwaka 2015. Mwaka 2024 ilikuwa ya 39. Sidai kwamba kompyuta peke yake ndizo zilizoipandisha. Ina vyuo vya uhandisi vya siku nyingi, ina wataalamu wa programu wanaouza kazi yao dunia nzima, na ina soko la watu zaidi ya bilioni moja. Lakini lipo walilofanya ambalo linatuhusu. Mwaka 2016 walipoanzisha mfumo wao wa malipo wa UPI, waliujenga ili benki yoyote na programu nyingi za watu binafsi ziweze kuungana nao kwa masharti yanayojulikana. Dola ilitandika barabara, watu wengine wakaleta magari.

Na hili si geni kwetu. Mwaka 2014 kampuni za simu nchini zilianza kukubaliana kwamba mteja wa mtandao mmoja atume pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya simu ya mtandao mwingine, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa malipo wa TIPS ili benki na mitandao ya simu zikutane mahali pamoja. Nendeni leo soko la samaki la Deep Sea, hapa hapa Tanga, mkamwone mama anayeuza pweza. Hamuulizi mteja yuko mtandao gani. Biashara yake ilipanuka siku kuta baina ya mifumo zilipobomolewa, na aliyezibomoa hakujua wala hakuhitaji kujua kwamba mama huyo yupo. Bei za mazao, mvua, udongo na bandari vinasubiri kufanyiwa vivyo hivyo.

Mwaka 1987 mchumi Robert Solow aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Miaka mitatu baadaye mwanahistoria wa uchumi Paul David akaeleza kwa nini jambo la namna hiyo hutokea, akitumia historia ya umeme. Edison alifungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, lakini viwanda vya Marekani vilisubiri hadi miaka ya 1920 ndipo tija ikapanda kwa kishindo. Muda wote huo wenye viwanda walikuwa wameng'oa injini ya mvuke na kuweka mota kubwa ya umeme mahali pale pale, ikizungusha mhimili ule ule na mikanda ile ile. Faida ilikuja pale kila mashine ilipopewa mota yake na kiwanda chote kikapangwa upya. Wazee wa Korogwe na Muheza waliofanya kazi kwenye viwanda vya mkonge wataelewa haraka, kwa sababu wanajua korona, ile mashine ya kuchakata jani la mkonge litoe singa, yaani nyuzi zake, inavyoendeshwa na inavyoamua kila kitu kingine kikae wapi. Katika ofisi zetu tumeng'oa jalada tukaweka kompyuta. Mhimili wa barua, saini na muhuri bado unazunguka.

Niruhusuni niseme kidogo juu ya mkonge, kwa kuwa Tanga haiwezi kuzungumzia teknolojia mpya bila kuukumbuka. Miche ya kwanza ililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia kule Amani, milimani Usambara, na reli ikawa inapanda kutoka bandarini. Kwa vigezo vya wakati ule huo ulikuwa mfumo kamili wa ubunifu: utafiti, miundombinu, zao jipya, soko la dunia. Kufikia miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Lakini maarifa yaliyokuwa Amani hayakuwekwa kwa ajili ya mkata mkonge, na sehemu kubwa ya singa ilikwenda kusokotwa ng'ambo. Nyuzi za sintetiki zilipoingia sokoni, bei ikaanguka na mkoa mzima ukaanguka nayo, maana tulikuwa tumejifunza kuzalisha na hatukuwa tumejifunza kugeuza.

Data inaweza kutufikisha huko huko. Simu zetu kila siku zinatoa habari za tunakokwenda, tunachonunua na tunachouliza, na habari hizo zinachakatwa mbali na sisi kisha zinaturudia kama huduma ya kulipia. Wakati huo huo zile tulizozikusanya wenyewe kwa fedha ya umma zimelala. Mlingano, wilayani Muheza, kuna kituo cha utafiti ambacho kimekuwa makao ya kazi ya taifa ya udongo. Ni hazina ya miaka mingi. Kijana wa Handeni anayetaka kutengeneza programu ya kumshauri mkulima wa mahindi ingefaa aweze kuzifikia taarifa za udongo wa wilaya yake akiwa nyumbani, bila kumjua mtu ndani.

Basi maombi yetu ni haya, na la kwanza ndilo kubwa kuliko yote.

Toeni agizo kwamba data iliyokusanywa kwa fedha ya umma, isiyotaja mtu binafsi, itolewe bure kwa faili linalosomwa na kompyuta, na isasishwe kwa tarehe inayojulikana. Anzeni na mkoa mmoja, na mkoa huo uwe Tanga. Bei za mazao sokoni, mvua, maji kupwa na kujaa, vipimo vya udongo, ramani za barabara za vijijini, meli zinazotarajiwa bandarini: hakuna siri ya nchi humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tayari imechora mpaka. Jina la mtu, namba yake ya NIDA na ugonjwa wake vilindwe kwa nguvu zote. Bei ya chungwa haihitaji ulinzi. Agizo hilo limtaje mtumishi wa chini waziwazi, limwambie kwamba akitoa faili hilo amefanya kazi yake. Bila sentensi hiyo hakuna kitakachobadilika, kwa sababu hofu haiko kwenye mfumo, iko kwa mtu aliyekaa mbele ya mfumo.

La pili linahusu majaribio. Benki Kuu imeweka kanuni zinazoruhusu teknolojia mpya za fedha zijaribiwe kwa uangalizi kabla ya kutakiwa leseni kamili. Tunaomba mlango wa namna hiyo uwe mpana zaidi kwa kilimo, uvuvi, usafiri na afya, na mbunifu aweze kuuingia akiwa Tanga, kabla hajafungua kampuni. Muda wa majaribio uendane na shughuli inayojaribiwa. Programu ya machungwa haiwezi kupimwa kwa miezi miwili ambayo haina machungwa. Inahitaji msimu mzima, na kwa kweli ikipata misimu miwili ndipo mtu anajua alipokosea.

La tatu ni zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Tunaomba Jiji litumie sehemu ya nafasi hiyo kwa namna mpya: litangaze tatizo lake, lisitangaze kifaa linachotaka kununua. Likisema kwamba halijui mtaro upi utaziba kabla ya masika, vijana watakuja na majibu tofauti, mengine ya bei ndogo kuliko mlivyodhani. Likitangaza kwamba linahitaji mfumo wa aina fulani kutoka kwa mzabuni mwenye hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, atashinda yule yule aliyeshinda zamani. Na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni msaada mkubwa kwa bodaboda na mama wa genge, lakini jaribio ambalo huenda likashindwa halifai kuanzishwa kwa deni. Tengeni kiasi kidogo kiwe ruzuku.

Kuhusu MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, tunayapenda na vijana wetu wanayaota. Ombi letu ni dogo: kila mwaka itolewe taarifa ya washindi wa mwaka uliotangulia wamefikia wapi, nani ameuza, nani amekwama, amekwamishwa na nini. Taarifa hiyo ingetufundisha kuliko picha za hundi kubwa.

Kisha kuna mtandao wenyewe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilibaki inazungusha duara kwenye kioo, na tukajua jinsi njia zetu zilivyo chache. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Nalitaja hili kwa heshima na bila kuzunguka. Mtu aliyeweka akiba yake kwenye huduma ya mtandaoni anahesabu siku kama hizo kwenye gharama zake, na aliye nje anayefikiria kuweka fedha kwenye kampuni ya kijana wa Tanga naye anazihesabu. Hali ni hiyo hiyo kwenye kodi. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, watu wengi walirudi kwenye noti mfukoni, na hata ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, kurudisha imani kulichukua muda. Ndiyo maana tunaomba kila kodi mpya kwenye huduma za kidijitali ipimwe kwanza kwa swali la nani ataacha kuitumia huduma hiyo.

Msidhani Tanga inasubiri kubebwa. Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 ili ipanue miundombinu ya maji, jambo ambalo mamlaka za maji za ukanda huu hazikuwa zimelifanya. Hale palijengwa mtambo wa kupata umeme kutokana na gesi ya mabaki ya mkonge, kwa kuwa watu walichoka kuona jani likitoa singa kidogo na sehemu iliyobaki ikitupwa. STEM Park iko hapa jijini, na watoto wanaingia na kugusa vifaa ambavyo sisi tuliviona kwenye vitabu. Bandari imeongezwa kina. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, na bomba la leo linaendeshwa kwa vihisi na kompyuta. Tunaomba vijana wetu wafundishwe kuvitunza na kuvitengeneza, wasiishie kulinda geti.

Yule kijana wa Muheza bado anaendelea. Programu yake inafanya kazi kwa wakulima wa vijiji viwili, ikitumia zile bei zilizoandikwa usiku, na dada yake ndiye anayezisahihisha kila anapopata karatasi nyingine. Anahitaji faili. Lipo, limekaa kwenye kompyuta ya Serikali, na kulitoa hakuhitaji mkopo wa nje wala mradi mpya.

Majibu yenu yakiwepo, tunaomba yaje hadharani kama barua hii ilivyokuja, yakitaja ni data zipi zitafunguliwa, ofisi ipi itazitoa na kuanzia lini, ili wenzetu wa Mtwara, Kigoma na Bukoba nao wayasome na waulize za kwao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa TEHAMA, Ngamiani, Tanga